Mshahara wa Leo na Malipo ya Uzeeni

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, mkoani Singida)

Leo tuzungumze juu ya mshahara na malipo ya uzeeni. Mwalimu akistaafu akaezeka nyumba yake bati, tunasema, "Kazi ni ya serikali, bwana!" Mwenzake akitoka kiwandani mikono mitupu, tunasema hana bahati. Ndugu zetu, hapa hakuna mambo ya bahati. Kuna sheria, kuna hesabu, na kuna karatasi za kusoma. Haya, tuyatazame moja moja.

Kwanza ni mshahara. Tarehe 1 Mei 2025 sherehe za Mei Mosi kitaifa zilifanyika hapa hapa Singida. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai 2025. Watu walipiga makofi. Lakini wapo waliorudi nyumbani wakidhani kila mwajiriwa atapata 500,000. Sivyo. Anayekamua alizeti katika kiwanda cha mtu binafsi, anayeuza duka la mtu au kulima shamba la mtu, yeye yumo katika sekta binafsi. Sekta hiyo ina amri yake ya mishahara. Mwaka huo huo wa 2025 serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha sekta binafsi kitapanda, kwa wastani, kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tunarudia: kwa wastani. Kila aina ya kazi ina kiwango chake. Anayetaka kujua cha kwake amwone afisa kazi.

Pili ni makato. Tangu Agosti 2018 kuna mifuko miwili mikubwa. PSSSF ni wa watumishi wa umma. NSSF ni wa sekta binafsi na watu waliojiajiri. Yote miwili huchangiwa asilimia 20 ya mshahara, ila mgawanyo ni tofauti. Mtumishi wa umma hukatwa 5, mwajiri wake anaongeza 15. Wa sekta binafsi hukatwa 10, na mwajiri anatoa 10.

Hebu tupige hesabu. Mtumishi wa umma wa 500,000 anakatwa shilingi 25,000. Mwajiri anaweka 75,000. Jumla 100,000 kwa mwezi. Sasa mfanyakazi wa kiwandani mwenye 300,000 anakatwa 30,000. Mwajiri anaweka 30,000. Jumla 60,000. Mnaona? Mwenye mshahara mdogo ndiye aliyekatwa zaidi, na bado kihenge chake kimepata kidogo.

Tofauti hii ina historia. Tangu zamani mtumishi wa serikali alikuwa na pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi wa kampuni alipata Akiba ya Wafanyakazi, NPF, iliyoanzishwa mwaka 1964. Akiba ile ililipwa kwa mkupuo. Ukishaila, basi. Ni sheria ya NSSF ya mwaka 1997 iliyowaletea hao nao pensheni ya kila mwezi.

Halafu kuna kikokotoo, yaani hesabu ya kugawa mafao. Zamani watumishi wengi wa umma walipewa nusu kwa mkupuo, na wa NSSF robo. Mwaka 2018 kanuni mpya ziliweka robo kwa wote. Watumishi walilalamika sana, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikawekwa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 serikali ikapandisha: waliokuwa wa nusu wapate 40, waliokuwa wa robo wapate 35. Lakini tukumbuke: mkupuo ukiwa mkubwa, pensheni ya mwezi inapungua. Ni debe lile lile.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari. Ili upate pensheni ya kila mwezi uzeeni, lazima uwe umechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Tuseme watu wawili wamefanya kazi miaka 20, mshahara sawasawa. Wa kwanza michango yake yote ilifika. Huyu atalipwa kila mwezi mpaka anafariki. Wa pili alikatwa kila mwezi, lakini mwajiri wake alipeleka michango ya miezi 150 tu. Mzee huyu atapewa mkupuo, halafu arudi kutegemea jembe na watoto. Jasho ni lile lile, uzee ni mbalimbali. Kukatwa siyo kuchangiwa! Fedha inaweza kutoka mfukoni mwako isifike kwenye mfuko.

Basi tufanyeje? Tunashauri haya:

1. Dai maelezo ya kazi kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe.

2. Dai karatasi ya mshahara kila mwezi, ile inayoitwa salari slipu. Isome. Angalia umekatwa ngapi, kisha itunze.

3. Uliza mfuko wako michango mingapi imefika. Usingoje ufikishe miaka 60. Hata mtumishi wa umma akague.

4. Ukiona miezi imerukwa, peleka karatasi zako kwenye ofisi ya mfuko. Kama mko wengi, nendeni pamoja, na chama cha wafanyakazi kiwepo. Mmoja hutishwa, wengi husikilizwa.

Na sisi wakulima na wafugaji, je? Hatuna mwajiri wa kutuongezea. Lakini NSSF hupokea michango ya waliojiajiri. Alizeti ikiuzwa vizuri, au vitunguu, tufikirie kuweka kidogo huko. Kihenge hujazwa wakati wa mavuno, hakijazwi siku ya njaa.

Ndugu wanakisomo, tulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu ili tusidhulumiwe kwenye mizani. Karatasi ya mshahara nayo ni mizani. Ambaye mwanawe au jirani yake anafanya kazi kwa mtu, leo jioni amwombe ailete, waisome pamoja.