Siku ya Tatu Mpe Jembe: Juu ya Safari za Wanafunzi Wetu Nyumbani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, ndugu zangu, vijana na watoto wetu wapenzi,



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Doha tukiwa wazima, na nawaombea rehema jamaa zetu waliotangulia mbele ya haki tangu mkutano wetu uliopita. Aidha namshukuru Mwenyekiti kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya jambo lililo mbele yetu, nalo ni hili: je, inafaa mfuko wa jumuiya yetu usaidie, kila mwaka, wanafunzi wawili kwenda kuitembelea nchi yetu, waone wanyama na wakae mjini kwa jamaa? Mimi nilitumikia Serikali mkoani Tanga kwa miaka kumi kabla ya kuhamia huku nikiwa mtu mzima, na desturi ya ofisini haijanitoka hata baada ya kustaafu. Nitaeleza kwanza yaliyotendeka, kisha hoja, na mwisho pendekezo.

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu, mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyezaliwa Doha na anayesoma chuo hapa hapa, alikwenda nyumbani pamoja na binamu yake, mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Walikaa siku kumi na tano: tano kwa ajili ya wanyama, na kumi mjini Tanga. Wazazi wao ndio waliogharimia safari. Jumuiya haikutoa kitu. Ninayoyasema nimeyapata kwao wenyewe.

Wengi wetu tulitaraji wangekwenda Serengeti au Ngorongoro, kwani ndizo zinazosifiwa duniani. Wao walichagua Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kwa kuwa kiingilio chake ni nafuu zaidi, na kwa kuwa mtu akishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Mkomazi iko katika njia ya kwenda Tanga. Ni nchi kavu ya vichaka na vilima, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,000, iliyopakana na Tsavo ya Kenya, na tembo huvuka mpaka bila kuulizwa pasipoti. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na baadaye ikapandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa. Vijana wetu waliingia kwa lango la Zange, karibu na mji wa Same, wakaona twiga, pofu, kongoni, swala twiga mwenye shingo ndefu asimamaye kwa miguu miwili kula majani, na wakamwona choroa.

Hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Ndugu wa choroa huyo mnamjua tangu utotoni. Ni al-maha, mnyama wa taifa la Qatar, mweupe na mdogo kuliko choroa wetu, ambaye sura yake mnaiona kwenye mikia ya ndege za nchi hii, na ndiye aliyekuwa alama ya Michezo ya Asia iliyofanyika Doha mwaka 2006. Lakini al-maha wa mwisho wa porini waliuawa Oman mwaka 1972. Magari na bunduki ndivyo vilivyowamaliza, kwa kuwa mbio za mnyama hazishindani na injini. Waliosalia kizuizini, pamoja na kundi lililotunzwa Phoenix, Marekani, tangu miaka ya 1960, ndio waliozaa, na mwaka 1982 wakarudishwa katika jangwa la Oman. Walifikia kiasi cha 450. Kisha ujangili ukarejea mwaka 1996, wakapungua hadi kiasi cha 65, na Oman ikaipunguza hifadhi yao kwa asilimia 90. Mwaka 2007 UNESCO iliifuta hifadhi hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa mahali popote.

Mkomazi nayo ina kisa kinachofanana na hicho. Kifaru mweusi alikuwa kiasi cha 65,000 barani Afrika mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Pembe zake zilikwenda Mashariki ya Mbali kuwa dawa, na zilikwenda Yemen kuwa mipini ya majambia. Kwa hiyo sisi tunaoishi upande huu wa bahari tusiseme habari hiyo haituhusu. Mkomazi ilipata vifaru upya mwaka 1997, walipoletwa kutoka Afrika Kusini, na hadi leo wanalindwa ndani ya uzio, usiku na mchana.

Sasa nije kwenye lango. Mpwa wangu ana pasipoti ya Tanzania. Binamu yake ana pasipoti ya Uingereza. Kwa mujibu wa utaratibu wa hifadhi zetu, mwananchi hulipa kwa shilingi, na mgeni hulipa kwa dola, tena mara nyingi zaidi. Wajukuu wa bibi mmoja wakapewa risiti mbili zisizolingana. Walicheka, na askari wa hifadhi naye akacheka. Lakini jioni ile, mpwa wangu aliandika katika daftari lake: "Nimelipa kama mwenyeji. Ninajua nini ambacho mgeni hakijui?"

Kesho yake alipata mtu wa kumpima. Katika nyumba ya wageni pale Same walikutana na mzee mmoja mfugaji aliyekuja mnadani. Walimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia na kuwaketisha. Aliwasimulia kwamba ndani ya hifadhi ile ndimo alimochungia ng'ombe wa baba yake, mpaka mwaka 1988, Serikali ilipowataka wafugaji wote watoke. Nakumbuka mwaka ule. Nilikuwa karani kijana. Baadhi yao walikwenda mahakamani katika miaka ya 1990, lakini ardhi ile hawakurudishiwa. Mzee huyo hakumlaumu tembo, ingawa tembo huja shambani kwake msimu wa mahindi. Aliwauliza swali moja tu: "Mlicholipa langoni, wajukuu zangu, kinafika wapi?"

Hawakuwa na jibu, na walimwambia hivyo. Ni kweli kwamba TANAPA ina mpango wake wa ujirani mwema, ambao umejenga madarasa na zahanati katika vijiji vingi vilivyo kando ya hifadhi. Lakini kama umefika kwa mzee yule, na kwa kiasi gani, ni jambo la kwenda kuliuliza hapo hapo, si la kukisia kutoka Doha. Mpwa wangu, anayesoma uchumi, ameliomba liwe somo la utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Alikwenda kutazama wanyama, akarudi na deni la swali. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya safari ile.

Kutoka Same walipanda basi: Mombo, Korogwe, Segera, machungwa ya Muheza, na yale mashamba ya mkonge, mmea ambao miche yake ililetwa kutoka Florida mwaka 1893. Wakafika Tanga, nyumbani kwa bibi yao, ambaye ni mama yangu mzazi, katika mitaa ya Ngamiani.

Mnaijua methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitaja katika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962. Bibi hakukisoma kijitabu, lakini methali anaijua. Siku mbili za kwanza wajukuu walitandikiwa, wakapikiwa, wakaitwa "wageni wetu wa Ulaya na Arabuni". Siku ya tatu alfajiri, mmoja alikabidhiwa ufagio wa uwanja, na mwingine mbuzi ya nazi. Toka siku hiyo walitumwa sokoni, walitumwa pwani ya Sahare kununua samaki, walipeleka sahani ya futari kwa jirani mgonjwa. Pale Sahare wavuvi waliwasimulia habari za silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walimdhani amekwisha toweka mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye nyavu za kina kirefu zimekuwa zikimnasa Tanga tangu miaka ya 2000. Tangu mwaka 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Siku nyingine bibi aliagiza wapelekwe Machui kulizuru kaburi la Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na hapo mwaka 1909, na ambaye, kwa faida ya vijana wanaodharau ukarani, alianza kazi kama karani wa forodha mwaka 1926.

Lakini jembe zito kuliko yote lilikuwa siku ya saba. Mpwa wangu alimsindikiza bibi kliniki. Walipanga foleni tangu alfajiri, na alipomwona daktari, msichana akasikia kwa masikio yake kwamba bibi amekuwa akivikata nusu vidonge vyake vya presha ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Kwenye simu, kila Ijumaa, sisi sote hapa alitwambia, "Mie mzima, wanangu, alhamdulillahi." Fedha zilikuwa zikifika, lakini kwa huruma yake alikuwa akiwagawia wengine waliomzunguka, na hakuna aliyekuwa jirani naye kiasi cha kujua. Usiku ule ule nilipigiwa simu. Leo dawa zinanunuliwa moja kwa moja, kamili, na presha yake imetulia.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo hoja yangu. Mzee wa Same alikuwa na neno, na bibi wa Ngamiani alikuwa na neno, na yote mawili hayakusemwa mpaka kijana alipokaa karibu na kusikiliza. Mwenyeji hafanywi na pasipoti peke yake. Mwenyeji ni yule anayejua nani anabeba mzigo gani, na akaushika upande wake. Mtalii anaweza kumwona choroa akaondoka, na hana kosa. Wetu hawawezi kuondoka hivyo.

Wapo wazee wangu, ambao nawaheshimu, wasemao kwamba mfuko huu ni wa maziko na matibabu, na si wa matembezi. Hoja yao ina uzito, kwani sote tunajua gharama ya kusafirisha maiti. Lakini nawauliza kwa adabu: baada ya miaka ishirini, nani atauchangia mfuko huo? Watoto wetu huenda nyumbani kwa harusi au msiba, siku nne, wakae ndani kwa shangazi, warudi. Kijana asiyemjua bibi yake akiwa hai hatachangia sanda yake. Mtakaowarithisha mfuko ni hao hao, na wakiupokea bila kujua ni wa nani, hautadumu.

Kwa hiyo napendekeza mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, mfuko ulipie nusu ya nauli ya wanafunzi wawili kila mwaka, nusu nyingine walipe wazazi, ili kila upande uione thamani yake. Pili, siku za porini zisizidi nusu ya siku za mjini, na mjini wakae kwa jamaa, si hotelini, na wapewe jembe siku ya tatu bila kuonewa haya. Tatu, kila mmoja arudi na taarifa ya maandishi, kwa Kiswahili, aisome mbele ya mkutano huu na ichapishwe katika kijitabu chetu. Wasioweza Kiswahili cha kuandika tutawafundisha. Mimi ninajitolea jioni za Jumamosi.

Bibi mwenyewe ameniagiza niwafikishieni salamu zake. Anasema vyumba viwili viko tayari, na mbuzi ya nazi amekwisha inoa.

Mwenyezi Mungu aibariki jumuiya yetu, awahifadhi wazee wetu walioko nyumbani, na awape vijana wetu safari za heri.