Kiharusi: tusiuze shamba
Ndugu wajumbe wa kamati za sharika za Njombe na Makambako, nanyi wafadhili wetu,

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ianze mwaka 2023 kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu, tunaulizwa: tuuze shamba la miti ili mgonjwa wetu wa kiharusi akatafutiwe seli za uloto ng'ambo?

Japani walijaribu seli za uloto zilizokuzwa maabara, kwa wagonjwa 206, ndani ya saa 36 tangu wapatwe. Matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kuwa baada ya siku 90 waliopewa seli hawakuwazidi wenzao kwa kupona.

Kwa hiyo hatushauri kuuza shamba. Tunaomba kila usharika uwe na mashine ya kupimia presha. Na mdomo ukipinda ghafla, twende hospitali saa ile ile.