Mtoto Asiyeimbiwa Ataitikia Nini?

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, mbele ya mkutano wa tawi mjini Morogoro. Tumeyachapa kama alivyoyasema, ila salamu tumezipunguza.)



Nimeombwa niseme juu ya muziki na watoto. Wengine mlicheka mliposikia habari hiyo. Mlidhani mzee huyu atasimama awatukane vijana kwa ajili ya nyimbo zao, tupige makofi, kisha twende zetu. Sikuja kwa kazi hiyo. Kazi hiyo nilikwisha kuifanya nyumbani kwangu, na matokeo yake nitawaambieni.

Mimi nilizaliwa hapa Morogoro mwaka 1952. Usiku bibi yangu, mzaa mama, alitubembeleza kwa Kiluguru mpaka tukalala. Mchana watoto tulikuwa na nyimbo zetu za mduara. Mmoja huanza, wengine huitikia. Aliyekosea alitoka nje, akangoja zamu nyingine. Wala hapakuwa na mtoto mdogo mno hata asiitikie: asiyejua maneno alipiga makofi, na aliyebebwa mgongoni alitikiswa pamoja na dada yake.

Baba yangu alikuwa mtu wa ngoma. Kwake yeye chombo chochote chenye nyuzi kilikuwa uhuni mtupu. Basi masikini, akaja kuishi katika mji uliojaa magitaa! Palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye aliisikia mitindo ya Kuba katika santuri akaitia maneno ya Kiswahili. Palikuwa na Morogoro Jazz, na mwaka 1965 Mbaraka Mwinshehe akajiunga nayo. Usiku mmoja wa mwaka 1966 nilikuwa nimesimama penye ua wa ukumbi wa dansi, nachungulia. Baba alinikuta. Alinishika sikio tangu pale mpaka nyumbani, na njia nzima hakuliachia.

Tena baba alikuwa na ushahidi. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa akilihutubia Bunge, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza dansi za kigeni na hatukuzijua ngoma zetu wenyewe. Baba aliposikia habari hiyo alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini katika hotuba ile ile Mwalimu alisema pia kwamba si vibaya kujifunza kwa wengine. Sehemu hiyo baba hakuisikia.

Sasa nije kwangu. Mwaka 2001 mwanangu wa kiume alileta nyumbani kaseti ya bongo fleva. Niliichukua nikaitumbukiza chooni. Sikuisikiliza hata upande mmoja. Kijana hakunijibu neno. Alifunga nguo zake akahamia kwa shangazi yake, akakaa huko miezi saba. Ndugu zangu, miezi saba si michache kwa mzazi mwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Hapo ndipo nilipolikumbuka sikio langu.

Watu wanaochunguza habari za kumbukumbu wameona kwamba nyimbo zinazomkaa mtu sana moyoni ni zile alizozisikia katika ujana wake, tangu miaka kumi na kitu hata ishirini na kitu. Ndiyo maana kila kizazi husema kwamba muziki mzuri ulikwisha, na ukiuliza ulikwisha lini, utaona ni siku ile ile magoti ya msemaji yalipoanza kuuma. Marufuku nayo haisaidii. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana wa wakati ule leo wana mvi. Waulizeni kama waliusahau.

Lakini hayo ya mitindo ni madogo, na tumeyagombania kuliko yanavyostahili. Jambo kubwa lililonileta hapa ni hili.

Mwaka jana binti yangu alijifungua, akaja kwetu kukaa siku zake arobaini. Usiku mtoto akalia. Binti akachukua simu, akaiweka kando ya mto, na mwanamke mmoja wa mbali akaimba kwa Kiingereza. Mtoto akanyamaza. Mke wangu akamwuliza, "Mwanangu, wewe huna wimbo?" Binti akamjibu kwa upole, "Mama, mlinifundisha upi?"

Tulitazamana, mimi na mke wangu. Tulikuwa wafanyakazi wote wawili. Nyimbo za bibi tuliziona mambo ya shamba, hazifai kwa mtoto atakayesoma. Niligombana na kaseti, kumbe uzi nilikwisha kuukata mwenyewe, miaka mingi kabla ya kaseti kuja. Na mtoto huanza kusikia angali tumboni, miezi ile ya mwisho; sauti anayoijua kwanza ni ya mamaye. Mjukuu wangu alizaliwa akiijua sauti ile, akapewa nyingine.

Mtu atauliza, haya yanahusu nini mkutano wa chama? Yanahusu sana. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, wanawake waliokuwamo walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed alishika uongozi wa akina mama, naye alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, nao wakawaita watu wao. Akina mama wale, wengi wao wasiojua kusoma, walijua kuitana, kuchanga fedha, kumfuata anayeanzisha na kumjibu. Hawakujifunza hayo katika semina. Walianza kuyajifunza wakiwa watoto, katika mduara.

Mtoto mwenye simu leo ana nyimbo za dunia nzima, na mimi simwonei wivu wala simnyang'anyi. Ila simu haimngoji aitikie. Akinyamaza, wimbo unaendelea vile vile. Nauliza, mtoto aliyelelewa hivyo, siku tutakapomhitaji ajibu katika mkutano kama huu, atajua kwamba anangojwa?

Yule mwanangu wa kaseti sasa ni mtu mzima. Juzi alichukua simu yake akaenda kwa dada wa mke wangu, ambaye anakumbuka bembelezi nne za zamani, akazinasa zote. Mimi nilimpa moja na nusu, maana mwisho wa ile ya pili umenipotea. Jana alinisikilizisha. Amezitia mdundo wake. Sikuupenda. Nimenyamaza.

Ninaloliomba tawi ni dogo. Jumamosi saa kumi alasiri, chini ya mwembe nyuma ya ofisi, wazee waje na wajukuu, kila mmoja na wimbo mmoja, wa kabila lolote. Vijana waje na simu wanase. Mwenye sauti mbaya asione haya, mimi nitakuwapo. Na kama yupo hapa mtu wa upande wa Matombo aliyelelewa kwa Kiluguru, namsihi asiondoke kabla hatujaonana. Huenda anao ule mwisho wa wimbo wangu wa pili.