NYOTA NI ALAMA ZA NJIA, HAZIGAWI BAHATI

(Darsa iliyotolewa baada ya sala ya Ishaa, Mabatini, Mwanza)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Usiku huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hulikuta juu ya kichwa chake atokapo msikitini, hasa umeme unapokatika na milima yetu hii ya mawe ikabaki gizani. Nalo ni nyota.

Tumelazimika kuzungumza kwa sababu ya mashauri yanayotufikia. Posa imekwisha kupokelewa na mahari yamekwisha kutajwa, kisha mzee mmoja wa familia anapeleka majina ya vijana kwa mpiga ramli. Herufi zinahesabiwa, na jibu linarudi kuwa nyota zao hazipatani. Posa inarudishwa. Hakuna aliyeuliza juu ya dini ya kijana wala tabia yake, mambo mawili ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuyatazama. Wapo pia wafanyabiashara wanaotoa fedha ili "wasafishiwe nyota", na wanawake wanaoambiwa kuwa nyota zao zimeibwa. Tujiulize: nyota iliyoko mbinguni huibwaje na mtu wa mtaani?

Hukumu ya dini

Katika Suratul An'am, aya ya 97, Allah (S.W.) anatufahamisha kuwa ametuwekea nyota ili tupate kuongoka kwazo katika giza la nchi kavu na la bahari. Katika Suratul Mulk, aya ya 5, anataja kuwa ni pambo la mbingu ya karibu na ni vya kuwapigia mashetani. Qatada (R.A.), katika kauli aliyoipokea Imamu Bukhari, ameyakusanya makusudio hayo matatu, na akaonya kuwa anayezitafutia nyota maana nyingine amekosea. Wala hakuna aya iliyosema kuwa nyota zinagawa riziki, ndoa au umri.

Waarabu wa Jahiliya waliiabudu Shi'ra, ile nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Suratun Najm, aya ya 49, ikawajibu kuwa nayo ina Mola wake. Aidha, Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim na jua likapatwa siku hiyo, watu walisema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Yeye mwenyewe, akiwa katika huzuni yake, aliikanusha kauli hiyo na kufundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, sala zake za siku arubaini hazikubaliwi.

Elimu nayo inawakanusha

Mtabiri humwambia aliyezaliwa tarehe 25 Machi kuwa nyota yake ni Kondoo. Lakini wenye elimu ya falaki wanajua kuwa siku hiyo jua liko mbele ya nyota za Samaki, na halifiki kwenye Kondoo mpaka baada ya katikati ya Aprili. Sababu yake ni kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole, na mahesabu husogea kiasi cha nyuzi moja kila baada ya miaka 72. Tarehe za utabiri zimebaki pale zilipowekwa zama za kale. Zaidi ya hayo, kila mwaka jua hupita pia katika kundi la kumi na tatu, baina ya Nge na Mshale, ambalo watabiri hawalihesabu.

Na hayo makundi yenyewe ni michoro ya macho yetu tu. Kusini ziko nyota mbili kali zinazoonekana kama ndugu wa nyumba moja. Nuru, ambayo hukata kilomita 300,000 kwa sekunde, husafiri miaka 4 na zaidi kidogo kutoka ile ya kwanza hadi kwetu, na zaidi ya miaka 300 kutoka ile ya pili. Ikiwa zenyewe hazina ujirani, zitaamuaje ujirani wa mume na mke?

Tulivyokosea sisi

Hata hivyo, lawama nyingine ni yetu sisi tunaosimama mbele yenu. Tumekataza utabiri, na tumefanya vyema. Lakini tukaishia hapo, tukamwacha Muislamu akidhani kuwa kuzitazama nyota kwenyewe ni makosa, na uwanja tukamwachia mpiga ramli. Wema waliotutangulia hawakufanya hivyo. Abdurrahman As-Sufi, mwaka 964, aliandika kitabu kilichoeleza makundi 48 ya nyota. Ibn Ash-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Ahmad bin Majid aliwaandikia manahodha wa Bahari ya Hindi namna ya kusafiri kwa nyota. Hata wazee wetu walikitazama Kilimia na kujua kuwa wakati wa kulima umefika. Kuzijua nyota kama alama ya majira hakuna ubaya. Ubaya ni kuitakidi kuwa nyota ndiyo inayoleta mvua.

Kibla kwa nyota

Wapo ndugu zetu wavuvi wa dagaa, ambao hutoka ziwani usiku wa giza la mwezi na taa zao. Simu ikizimika katikati ya maji, wataielekeaje Kibla? Kutoka Mwanza, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kwa nyuzi kama 15. Nyota ya Kaskazini hatuioni hapa, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Basi na tujifunze alama mbili.

Ya kwanza ni nyota nne za kusini, zinazoitwa Msalaba wa Kusini. Jina hilo lisimtie mtu uzito, kwani Muumba wake ni Allah peke yake. Mwishoni mwa Mei, majira ya saa 3 usiku, husimama wima, na chini yake ndiko kusini. Zipe mgongo, utakuwa umeelekea kaskazini. Kisha nyoosha mkono, ukunje ngumi, na upime ngumi moja na nusu kuelekea kulia. Hapo ndipo Kibla.

Ya pili ni zile nyota tatu zilizopangana mstari, ambazo Waarabu waliziita mshipi wa Jauza. Huchomoza mashariki hasa na kuzama magharibi hasa. Katikati ya Desemba, saa 2 usiku, ziko mashariki. Zielekee, kisha geuka kushoto, ukibakiza ngumi moja na nusu kabla ya kufika kaskazini.

Jua nalo ni nyota. Tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, huwa juu ya Al-Kaaba. Anayelielekea wakati huo ameielekea Kibla. Tuitumie fursa hiyo kuhakiki mihrabu zetu.

Ombi letu ni moja. Kila msikiti utenge usiku mmoja wa giza katika mwezi, watoto wa madrasa watolewe nje baada ya Ishaa, wafundishwe alama hizi. Mtoto aliyeipata Kibla kwa nyota hatakubali, akiwa mtu mzima, kuuziwa nyota hiyo hiyo. Na mzazi anayerudisha posa kwa sababu ya hesabu za herufi, amche Allah, amwite kijana, amuulize juu ya sala yake.

Tunamuomba Allah atuongoze katika giza la usiku na giza la ujinga. Amin.

Wabillahi tawfiq.