Mapenzi ya Mfumo au Nenosiri Lililosahauliwa? Uaminifu wa Wateja wa Simu Migori na Homa Bay

Mada hii iliandaliwa kwa warsha ya wauzaji wa simu, mafundi na maofisa wa kaunti za Migori na Homa Bay. Mwaliko uliitaka ieleze kwa nini mteja hung'ang'ania mfumo mmoja wa simu na kuukataa mwingine. Ufafanuzi hautachukua muda. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamrisha simu: Android ya Google au iOS ya Apple. Uaminifu ni mteja kurudi kununua kilekile hata kingine kikiwa mbele ya macho yake. Kila aliyemo ukumbini anayajua hayo.

Historia nayo ni ya kupita haraka. Wavuvi wa omena na wachuuzi wa usiku waliipenda Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, kwa sababu ya tochi na chaji isiyokwisha. Ndiyo iliyoacha jina la mulika mwizi. Nokia ilipokabidhi biashara ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, mapenzi hayo hayakuhamia Windows. Safaricom ilikuwa imeshaleta Ideos ya Huawei mwaka 2011, simu ya Android ya takriban shilingi 8,000, kisha Tecno, Itel na Infinix zikajaza rafu. WhatsApp iliiacha BlackBerry ya zamani mwishoni mwa 2017 na simu zote za Windows mwishoni mwa 2019. Ubishi ukaishia hapo. Leo Android imeshika sehemu kubwa mno ya soko la Kenya, na iPhone inaifuata kwa mbali.

Bei inaeleza mengi, lakini haielezi yote. Isebania, hatua chache tu kutoka Sirare ya Tanzania, simu hushika mtandao wa upande wa pili bila kuombwa. Wapo wafanyabiashara wenye M-Pesa ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom, na wanataka laini zote mbili ziwe hewani mchana kutwa. Apple haikuruhusu laini mbili katika iPhone hadi mwaka 2018, tena katika masoko mengi moja kati ya hizo ni eSIM, isiyo kadi. Mtu wa mpakani aliyezoea kuchomeka kadi mbili za kawaida hakuhitaji kushawishiwa na tangazo lolote.

Hapo ndipo waandaaji walipotaka mada ikae, kwenye bei, laini na matangazo. Mtoa mada anaomba radhi, kwa maana kuna jambo moja amelipigia kelele miaka mingi, na bila hilo neno uaminifu katika kaunti hizi linapotosha.

Mama mmoja muuza omena kutoka pande za Mbita aliwahi kufika kwa fundi na simu iliyogoma. Mtoto alikuwa amechezea mchoro wa kufungulia mpaka simu ikakataa, na jirani mjuaji akaiflashi, yaani akaifuta yote, kwa vitufe vya pembeni. Ilipowaka ikadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Fundi akauliza, "Mama, email yako ni ipi?" Mama akamkazia macho. "Email gani tena, nyathina? Mimi sikuwekewa email, niliwekewa WhatsApp."

Alikuwa anasema kweli. Siku aliponunua simu, kijana wa dukani alimfungulia akaunti kwa dakika tatu, akabuni jina na nenosiri, akaweka namba ya kurejeshea akaunti ambayo haikuwa ya mama, akamkabidhi simu ikiwa tayari. Hakuna kilichoandikwa popote. Duka halitatajwa hapa, na kulitaja hakungesaidia, kwa sababu desturi hiyo imeenea: wapo wanaotumia akaunti moja ya duka kwa simu nyingi, na wapo wanaotumia namba yao wenyewe ili wasisumbuliwe na foleni. Muuzaji hana nia mbaya. Anataka mteja aondoke akiwa ameridhika kabla wa nyuma yake hajanuna.

Madhara huja baadaye. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kinga dhidi ya wezi: simu ikifutwa kwa njia ya mkato, haifunguki mpaka itajiwe akaunti ya awali. Kinga ni nzuri. Tatizo ni kwamba haiwezi kumtofautisha mwizi na mwenye simu asiyejua kwamba ana akaunti. Mazungumzo ya WhatsApp yaliyohifadhiwa yamo katika Google Drive ya akaunti hiyohiyo, na mara nyingi picha na majina ya wateja nayo yamo humo. Tena Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumika. Simu ikizama ziwani na mwenyewe akafunguliwa akaunti mpya, ile ya zamani inangoja tu zamu yake.

Mama yule akanunua simu nyingine ya Android. Daftari la mauzo litamwandika mteja mwaminifu. Ukweli ni kwamba alianza upya kama mgeni: wanunuzi wake wa Oyugis na Rongo hawamo tena, na nenosiri jipya alichaguliwa na kijana mwingine.

Kwa upande wa iPhone mambo yanafanana zaidi ya mashabiki wake wanavyokubali. Apple iliweka kufuli la namna hiyo mwaka 2013, na anayenunua iPhone ya mtumba yenye akaunti ya mtu mwingine amenunua kioo cha kujitazamia. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine na mazungumzo ya WhatsApp hakukuwezekana kwa njia rasmi hadi 2021 na 2022. Kwa hiyo baadhi ya wanaoitwa waaminifu walibaki kwa kuwa mlango haukuwapo.

Kuna pia simu za mkopo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom na Google ulipoanza Julai 2020, mteja alitanguliza shilingi 1,000 kisha akalipa 20 kwa siku, na akiacha kulipa simu hujifunga. Mtoa mada hasemi mkopo ni mbaya. Umefikisha 4G kwa watu ambao wasingeifikia. Anachosema ni kwamba mwenye deni hajachagua mfumo, kama vile wahamasishaji wa afya ya jamii hawakuuchagua walipogawiwa simu za kazi mwaka 2023. Wasihesabiwe pamoja na walioupenda.

Mapendekezo, basi, na ukumbi uwie radhi kwa yatakayojirudia. Muuzaji asimfungulie mteja akaunti bila mteja kushika simu mwenyewe na kuandika nenosiri kwa kidole chake. Namba ya kurejeshea akaunti iwe ya mteja, au ya mwanawe anayeaminika, kamwe isiwe ya duka. Jina la akaunti na nenosiri viandikwe kwenye karatasi inayowekwa nyumbani pamoja na kitambulisho; watakaocheka ushauri huu kwa ajili ya usalama waje wakae siku moja kwa fundi. Risiti iwe na nafasi ya kuandika jina la akaunti, bila nenosiri. Fundi naye aulize akaunti kabla ya kuflashi, na amwambie mteja waziwazi kitakachofutika.

Kaunti zingeweza, pale bajeti inaporuhusu, kulifanya somo hili la kwanza katika mafunzo ya kidijitali, kabla ya kazi za mtandaoni ambazo hupewa nafasi yote. Lifundishwe kwa Kidholuo, Kisuba na Kikuria pia. Wakopeshaji waeleze kufuli la deni na kufuli la akaunti kama vitu viwili, kwa sababu wateja huvichanganya na hulipa deni wakidhani simu itafunguka. Wanafunzi wa teknolojia wa Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya wangeweza kukaa sokoni siku za gulio kusaidia watu kukagua akaunti zao.

Na ijapokuwa limeshasemwa, lirudiwe kwa ajili ya waliochelewa kuingia: muuzaji aiache simu mkononi mwa mteja, hata foleni ikinung'unika.