Mbu wa Dachau: Hotuba kwa Watu wa Idsowe na Garsen



Hapana haja ya kumweleza mtu wa Idsowe malaria ni nini. Mto Tana ukifurika, maji yakabaki mabondeni, mbu huzaliana kwa wingi, na homa huingia nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo kisa hiki, ijapokuwa kilitokea Ujerumani, mtu wa hapa atakielewa upesi kuliko mtu wa nchi ya baridi.

Alikuwako daktari mmoja, jina lake Claus Schilling, bingwa wa malaria, aliyeongoza kwa miaka mingi idara ya magonjwa ya nchi za joto katika Chuo cha Robert Koch, Berlin. Mwaka 1942 utawala wa Wanazi ulimpa ruhusa ya kuwatumia wafungwa wa kambi ya Dachau. Watu zaidi ya 1,000, na miongoni mwao mapadre wengi wa Poland, waliambukizwa malaria makusudi. Wengine walifungiwa visanduku vya mbu juu ya ngozi, wengine walidungwa sindano. Kisha wakajaribiwa dawa, nyingine kwa vipimo vikubwa mno. Hawakuwa na nafasi ya kukataa. Wengi walikufa.

Vita vilipokwisha, Schilling alishtakiwa. Mbele ya mahakama mzee huyo wa miaka 74 aliomba apewe meza, kiti na mashine ya kupiga chapa, apate kumaliza taarifa yake! Hata saa ile aliziona hesabu za homa tu, watu hakuwaona. Alinyongwa tarehe 28 Mei 1946.

Wala tusidhani kwamba mizizi ya jambo hili iko mbali nasi. Koch mwenyewe, ambaye chuo kile kina jina lake, alikuwa katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye sumu ya arseniki. Wagonjwa wale walikuja wakitafuta kupona. Lakini kipimo cha dawa kilipoongezwa, zaidi ya 20 walipofuka, wasione tena. Kosa hilo si sawa na uovu wa Dachau, ila ni jirani yake.

Mwaka 1947 majaji waliowahukumu madaktari wa Kinazi mjini Nuremberg waliandika kanuni 10. Ya kwanza yasema kwamba mtu hawezi kujaribiwa ila kwa ridhaa yake mwenyewe, naye awe amekwisha kuelezwa hatari zake. Ya tisa yampa ruhusa ya kujitoa.

Kanuni hizo zimefika karibu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, na Kilifi, jirani zetu, walikuwamo. Katika kazi ya namna hiyo yapasa mzazi aelezwe kwanza, kwa lugha aijuayo. Mama asiyejua kusoma husomewa karatasi mbele ya shahidi, naye akikubali huweka kidole gumba. Akikataa, au akimtoa mtoto wake katikati ya kazi, mtoto huyo yapasa atibiwe kama watoto wengine wote.