Nani Atoke, Nani Abaki Ndani: Udhibiti wa Vifaa Kwenye Ruta ya Nyumbani



Ruta ya nyumbani inafanya kazi mbili ambazo wateja wetu sisi mafundi huzihesabu kuwa moja. Inavitoa vifaa kwenda kwenye intaneti, na inaviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe humo ndani: simu na printa, kompyuta na televisheni. Hoja yangu ni kwamba ruhusa hizo mbili zitolewe kila moja peke yake, kwa sababu kifaa kinachostahili moja mara nyingi hakistahili nyingine.

Chukueni kamera ya ulinzi. Tarehe 21 Oktoba 2016, shambulio dhidi ya Dyn, kampuni ya Marekani iliyoendesha huduma ya majina ya tovuti (DNS), lilifanya Twitter, Netflix na tovuti nyingine nyingi zisifikike kwa saa kadhaa. Miongoni mwa vifaa vilivyotumika kushambulia zilikuwamo kamera na rekoda za video za watu wa kawaida, zilizotekwa na programu hasidi iitwayo Mirai. Mirai haikuwa na ujanja wa ajabu. Ilibeba orodha ya majina na nywila za kiwandani, sitini na kitu hivi, ikawa inazijaribu kwa kila kifaa ilichokikuta wazi.

Kamera ambayo kazi yake ni kupeleka picha kwenye rekoda iliyo sebuleni haina shughuli na intaneti. Ruta nyingi zina sehemu ya udhibiti ambapo unakichagua kifaa na kukifungia njia ya nje, huku kikiendelea kuonekana ndani. Mteja anayetaka kuitazama nyumba yake akiwa safarini hataupenda mpango huu. Basi aelezwe, achague mwenyewe.

Mgeni ni kinyume chake: anataka intaneti, printa yako haimhusu. Kwa huyo kuna mtandao wa wageni, na wapangaji wanaochangia waifai moja wangefaa kuwekwa humo pia. Lakini ukishauwasha, angalia kile kisanduku kinachowaruhusu wageni kuufikia mtandao wa ndani. Kikiwa na tiki, umebadilisha jina tu.

Sasa tuje kwenye anwani ya MAC, ile ambayo ruta hukitambua kifaa kwayo, na ambayo mafundi tunaipenda kupita kiasi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao. Kijana uliyemfungia kwa anwani hiyo saa tatu usiku anaingia kwenye mipangilio ya waifai, anaizima hiyo anwani ya bandia, na ruta inaona simu ambayo haijawahi kuiona. (Vijana wanalijua hili kabla yetu.) Afadhali kugeuza orodha ya vifaa vilivyofungiwa: vitajwe vinavyoruhusiwa, kisichotajwa kikataliwe. Hata hivyo kompyuta inaweza kuiga anwani iliyoruhusiwa, kwa hiyo orodha hiyo inatosha kwa nidhamu ya nyumbani, haitoshi kumzuia mdukuzi.

Nywila ya waifai nayo haidumu kuwa siri. Simu nyingi za Android humwezesha aliyekwisha kuunganishwa kuonyesha msimbo wa QR, na jirani akiupiga kwa kamera, ameingia bila kumuuliza mwenye nyumba. WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN badala ya nywila, izimwe moja kwa moja: kasoro iliyotangazwa mwaka 2011 ilionyesha kuwa PIN yake ya tarakimu 8 inapatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000.

Yote haya yanafanyika kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta. Ukiachwa na nywila ya kiwandani, yeyote aliye ndani anaweza kufuta ulichopanga. Na fundi akiibadilisha kisha akaondoka nayo, mteja hawezi hata kumfungia jirani. Naomba tukubaliane hapa: kila tunapofunga ruta, tuibadilishe nywila ya usimamizi mbele ya mteja, na tumkabidhi kwa maandishi.